Kifaa Ulichorudisha Kikiwa Kisafi

Dada Namsifu, shikamoo.

Damu yako bado ipo. Naanza na hilo maana ungekuwa mbele yangu ungeshanikatisha: "Aika, sema kilichokuleta, sufuria liko motoni." Basi kilichonileta ni hicho. Miezi tisa imepita tangu tukuzike, na kichupa kimoja cha damu yako kimo kwenye friza ya maabara yetu hapa Same. Wiki tatu zilizopita nusura kitupwe. Kingetupwa kwa kosa langu mimi, na kosa lenyewe, usinikasirikie, lilianzia kwako na huo usafi wako usio na kipimo.

Nakuandikia wewe kwa sababu sina mwingine. Nilijaribu kumweleza mama mwenye nyumba wangu. Akanisikiliza nusu, akasema yote ni mapenzi ya Mungu, kisha akaniuliza kama nimeshaanua nguo zangu maana vumbi linakuja. Ni mtu mzuri. Lakini hakukujua, na jambo hili huwezi kumweleza mtu asiyekujua.

Kwanza habari za nyumbani, najua utauliza. Nyumba imefungwa, ufunguo ninao mimi. Mbuzi wako nilimpa binamu yetu Yona, yule uliyesema ana maneno mengi kuliko mahindi, na mmoja ameshazaa. Parachichi lilizaa sana mwaka huu, matunda yakaanguka yakaozea chini, kwa sababu nilipanda huko mara mbili tu. Usinigombeze. Zamani nilikuwa nikija kila baada ya Jumapili moja. Naliacha joto la Same huku chini, gari linapinda na kupinda mpaka naanza kusikia baridi masikioni, na nikishuka pale kanisani najua kuna mtu ameshabandika maji ya chai. Sasa nikishuka hakuna anayenisubiri. Mara ya mwisho nilikaa barazani kwako nusu saa, nikawasikiliza kuku wa jirani, nikarudi na gari lilelile lililonileta. Dereva aliniuliza kama kuna kitu nilikuwa nimesahau.

Shuleni wamempata mpishi mwingine, Mama Eliza. Nilikutana na mwalimu mkuu sokoni Hedaru, akaniambia watoto wanalalamika kwamba makande ya sasa yana maji mengi, ya Mama Mpishi yalikuwa yanashika kijiko. Mama Mpishi ndiwe wewe. Siku ya mazishi nilijikaza, unanijua, niligawa hata viti. Lakini pale Hedaru, mbele ya mafungu ya vitunguu, malori yanapita na watu wananisukuma, nililia mpaka muuzaji akanipa kigoda nikae.

Sasa nije kwenye damu.

Unakumbuka utafiti ulivyokuja kwetu? Nitakueleza upya, maana mara ya kwanza uliniitikia "ehee, ehee" huku unachagua mawe kwenye maharage, na mimi naijua ehee yako ya kumfukuza mtu. Watafiti walitaka kujua hewa chafu inawafanya nini wanawake, kwa kuwa wanawake ndio wanaoshinda jikoni. Hawakuwa wanatafuta kikohozi, kikohozi tunakijua. Walitaka kuangalia ndani ya damu, kwenye zile chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kuulinda mwili. Kila chembe imebeba jeni, yaani maagizo tuliyorithi kwa baba na mama. Lakini maagizo hayo hayafanyi kazi yote kwa pamoja. Mengine yameamka, mengine yamelala, na mambo ya nje, moshi ukiwemo, yanaweza kuamsha haya na kulaza yale.

Nilipoona hunisikilizi nikakuletea mfano wa kanisani. Nikasema ni kama kitabu cha nyimbo. Kitabu ni kilekile miaka yote, hakuna anayechana kurasa, ila Jumapili hii zinaimbwa hizi, Jumapili ijayo zile, na kuna nyingine kwaya haijazigusa tangu tuzaliwe. Watafiti wanataka kujua moshi unazifanya chembe za wanawake ziimbe nini, na kwa sauti gani. Hapo ndipo ulipoacha kuchagua mawe. Ukasema, "Kumbe moshi ni mwalimu wa kwaya." Nilimpelekea maneno hayo Dokta Rehema, yule mama wa Dar anayeongoza utafiti, na akayaandika kwenye daftari lake. Hukuamini nilipokuambia.

Basi ukakubali kushiriki. Ulikubali kwa ajili yangu, hilo tusidanganyane. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka milimani kugawa vifaa vya kupimia hewa na kuvipokea. Kifaa chenyewe hakizidi kipande cha sabuni, cheupe, kina mkanda wa kuvaa kifuani karibu na pua, kinavuta hewa kidogo kidogo na kuandika kiasi cha chembe za moshi zilizomo. Kila mwanamke alitakiwa akivae siku tatu, akipika, akifagia, akienda shamba. Akilala, akiweke kando ya kitanda. Asubuhi inayofuata Bi Mwanaidi, mwenzangu wa maabara, anakuja kumtoa damu. Halafu mabingwa wanalinganisha: hewa aliyovuta ni hii, na damu yake inaimba hivi.

Vifaa vya wenzako vilirudi vikiwa na hali yao. Kimoja mkanda wake umeshika masizi, kingine kina unga, kingine mtoto amekitafuna pembeni. Ndivyo inavyotakiwa. Chako, Dada, kilirudi cheupe pee. Kilirudi kimefungwa kwenye kile kitambaa chako cha kufunikia mezani, ndani ya kikapu, juu ya ndizi na tangawizi mbichi uliyoichimba asubuhi hiyohiyo. Chombo cha watu hakirudishwi kichafu wala hakirudishwi kitupu. Ulinifundisha hivyo tangu naenda kwa jirani kuazima chungio. Nilipokiona tu nilijua.

Nikakuuliza kama ulikivaa. Ukaniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la kipumbavu. "Kitu cheupe vile nikakivalie kwenye masizi ya shule? Wageni waseme watu wa milimani hawajui kutunza?" Siku tatu nzima kilikuwa kimekaa kwenye kabati la vyombo, pamoja na zile glasi ambazo hakuna aliyewahi kuzinywea. Ulikuwa unakifungulia kabati asubuhi na jioni, ukasema, ili kipate hewa. Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Wewe hukucheka. Ukasimama karibu yangu, ukasema kwa sauti ya chini, na hata leo naisikia: "Andika nimekivaa. Usiniaibishe mbele ya wageni wako."

Nikaandika. Kwa mkono wangu: kimevaliwa siku zote tatu.

Ningeweza kukupa kingine uanze upya. Ungeninunia, lakini ungekivaa. Gari la kushuka lilikuwa linapiga honi, hilo ni kweli, lakini si gari lililonifanya. Wewe hukuwahi kuniomba kitu. Ulinilea, ukanisomesha, ukakataa kuolewa, na kila nilipokuletea zawadi uliniambia kapeleke kwa wenye shida. Halafu siku moja unaniomba kitu, na kitu chenyewe ni uongo mdogo. Nikaona nikupe.

Kesho yake Bi Mwanaidi akakutoa damu, ukamsifu ana mkono mwepesi. Vichupa viwili. Kimoja kikaenda Dar kusomwa, kimoja kikabaki kwetu kama akiba.

Mambo mengine unayajua kuliko mimi. Baridi ikaingia, ukungu ukashuka mpaka mlangoni, na kile kikohozi chako cha miaka kikageuka. Ulikuwa unachemsha tangawizi na kuniambia kwenye simu kwamba kinapungua, huku nakisikia kinavyokukata maneno. Nilipokuleta hospitali ulikuwa unapumua kwa mabega. Siku ya nne uliniuliza kama kuna mtu ameloweka maharage ya Jumatatu. Nikakuambia ndiyo, yamelowekwa. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili kwako, na sijutii.

Watu walipogawana nguo zako nilichukua kanga moja tu, ile ya kahawia uliyokuwa unajifunga ukipika. Inanuka moshi. Nimeiweka kwenye mfuko wa plastiki nimeufunga, na siku nikizidiwa naufungua kidogo. Halafu najichukia. Mimi ni mtu wa maabara, nimewaeleza wanawake wa milima yote hii moshi unachofanya mwilini, na ninachokitafuta kila jioni kwenye mfuko ni moshi. Sijui nifanyeje. Siwezi kuifua.

Sasa sikia kilichotokea wiki tatu zilizopita. Dokta Rehema alikuja Same, akatuita mimi na Bi Mwanaidi, akafungua kompyuta. Akasema majibu mengi yanaeleweka, ila kuna mshiriki mmoja anamsumbua. Hakutaja jina, majina yanaishia kwetu Same, kule Dar wanatumia namba. Namba ile niliiandika mimi, Dada, ningeitambua hata gizani. Akasema kifaa cha mama huyu kinaonyesha hewa safi kuliko ya mtu yeyote katika utafiti. Lakini damu yake inaimba kama ya wanawake wanaoshinda kwenye kuni kutwa. Zile jeni zinazochochea uvimbe mwili unapojitetea ziko juu, zinapiga kelele, na nyingine zilizotakiwa kusikika zimenyamaza. Hewa na damu haviendani kabisa. Kwa hiyo, akasema, nadhani damu hii si ya mama huyu, vichupa vilibadilishwa siku ya kutoa damu. Ataiondoa kwenye utafiti na kile kichupa cha akiba kitateketezwa.

Kisha akamgeukia Bi Mwanaidi, taratibu, hana ukali yule mama, akamuuliza kama anakumbuka kuchanganya majina siku hiyo.

Bi Mwanaidi wa Hedaru. Huyu ndiye aliyekaa kwenye msiba wako mpaka tukaanua matanga, Mwislamu katikati ya Walutheri, anasugua masufuria kwa majivu na kukataa kupumzika. Tangu umeondoka ndiye niliyekuwa nakula naye mchana kila siku. Huyu mtu hubandika jina kwenye kichupa, analisoma, analisoma tena, halafu anakuomba nawe usome. Aliiangalia mikono yake. Akasema, "Sikumbuki kukosea, Dokta, lakini mimi ni binadamu."

Na mimi nikanyamaza.

Nilinyamaza siku nzima. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili yako, kwamba umelala na heshima yako na mimi si wa kukufukua. Uongo mtupu. Nilinyamaza kwa ajili ya kazi yangu na jina langu. Wewe ungeshasema. Ungegomba, ungenuna, ungesema kwamba kosa ni la aliyetengeneza kifaa cheupe badala ya cheusi, lakini usingemwacha mtu mwingine abebe mzigo wako.

Jioni watu walipotoka nilibaki maabara. Nikaenda kwenye friza. Siwezi kuifungua hovyo, ina taratibu zake, nikaweka tu mkono juu ya mfuniko. Nimefanya hivyo mara nyingi tangu ufe, nikuambie ukweli. Umeme ukikatika wa kwanza kukimbilia jenereta ni mimi, na wenzangu wananisifu kwa bidii. Wanafikiri ni bidii. Nikasimama pale nikawaza: kifaa ulikificha kabatini, lakini damu haikuficha kitu. Ilikaa jikoni nawe siku zote ulizokaa. Miaka ishirini na nne mbele ya jiko la shule, macho mekundu, unakoroga kwa mwiko mrefu kuliko mimi, na kabla ya hapo jiko la nyumbani. Na sasa daftari la utafiti litaandika kwamba aliyesimama pale ni mtu mwingine. Kwamba wewe ulikuwa mahali penye hewa safi, na damu yako si yako.

Hilo ndilo sikuweza kulibeba, Dada. Hayo mengine ningeyabeba, nina roho ngumu.

Asubuhi nikawaomba wote wawili wakae. Nikasema yote. Kabati, kitambaa, ndizi, uliyoniambia na niliyoandika. Nilisema kwa kirefu kupita kiasi, mpaka glasi nilizitaja. Dokta hakunikatisha. Nilipomaliza akaniuliza swali moja tu, kama kuna mwanamke mwingine niliyemwandikia hivyo. Nikasema hakuna. Akasema anaamini, lakini itabidi yote niliyoyaandika yahakikiwe, na mimi nisipokee tena vifaa. Haki yake kabisa. Sasa nakaa ndani, naosha na kupanga, na kwenye kuzunguka milimani anakwenda mwingine.

Nikamuuliza lile swali ambalo nimelibeba tangu siku ile hospitalini. Je, ni moshi uliomuua dada yangu? Akavua miwani. "Damu ya mtu mmoja haiwezi kuniambia hilo, na nikikujibu ndiyo nitakuwa nimekudanganya." Nilitaka sana aseme ndiyo. Nilitaka niwe na wa kumlaumu. Lakini nimeshaujua uongo wa kumridhisha mtu unavyofika mbali, nikamshukuru.

Akasema pia kwamba sasa anajua damu ni yako, na ataandika hivyo: damu ni yake, kifaa hakikuvaliwa. Nilipumua. Ila akaongeza kwamba hata hivyo hawezi kuitumia. Hewa uliyovuta siku zile tatu haipimwi tena, imeshakwenda. Kichupa bado kilitakiwa kiteketezwe. Ninaweza kukueleza jinsi nilivyojisikia, lakini ulikuwa hupendi watu wanaojisikitikia.

Na Bi Mwanaidi akaacha kuongea nami. Hakunigombeza. Aliniitikia salamu, akanipa ninachohitaji kazini, basi. Mchana akawa anachukua chakula chake na kwenda kukaa upande wa pili, kwa wauguzi. Siku nane. Nilikula peke yangu nikitazama ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu uniache nikaelewa kwamba ninaweza kubaki bila mtu kabisa.

Siku ya tisa Dokta akapiga simu. Ana swali jingine, dogo, amekuwa akiliwaza muda mrefu. Wapo wanawake ambao hawakuvaa kifaa lakini historia yao ya moshi inajulikana na mtu aliyeishi nao. Akaniuliza kama mimi, ndugu wa marehemu, niko tayari kichupa chako kitunzwe kwa ajili ya swali hilo, na kama naweza kuhojiwa juu ya maisha yako ya jikoni. Mwenye kazi ya kuhoji ni Bi Mwanaidi.

Akakaa mbele yangu na tableti yake, uso umefungwa. Akauliza kama amsomeaye mtu asiyemjua. Marehemu alianza kupika kwa kuni akiwa na umri gani? Miaka kumi na minne, mama yetu alipofariki. Jiko la namna gani? Mafiga matatu. Dirisha? Halikuwepo, baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko chini, hakukuwa na wa kulitoboa. Kuni gani? Mkaratusi, na ukiwa mbichi moshi wake unauma kama pilipili. Saa ngapi kwa siku? Makande yanataka kutwa, Bi Mwanaidi, unajua. Akaandika.

Kisha akasoma: "Wakati huo, kuna mtu mwingine aliyekuwa akikaa na marehemu jikoni?"

Nikasema hapana. Kidole chake kilikuwa kinakwenda kugusa "hapana", nikamwambia angoje.

Maana nilikuwepo. Sikumbuki chochote, nilikuwa wa miezi, lakini umenisimulia mara ngapi? Ulikuwa unanifunga mgongoni, unakoroga, nikilia unanitikisa bila kuacha kukoroga, na jirani akisema mtoto atapofuka unamjibu, "Nimweke wapi?" Mtoto mwenzangu wewe, miaka kumi na minne. Na nilikaa mgongoni, halafu nikakaa kwenye kigoda, halafu nikawa nachochea kuni mwenyewe, mpaka siku uliposhusha tranka langu kichwani hadi Hedaru kunipandisha basi la kwenda bweni. Baada ya hapo kila nikirudi likizo ulinifukuza jikoni. "Toka, kasome." Nilidhani ni masomo tu. Kikohozi chako kilikuwa kimeshaanza mwaka ule, Dada. Ulikuwa unanitoa kwenye moshi.

Nikamwambia Bi Mwanaidi: "Andika yupo. Ni mimi, mgongoni."

Aliandika, kisha akaiweka tableti mezani, akatoka kwenda kumpigia Dokta. Waliongea muda. Niliposhikishwa simu Dokta akaniambia kwamba mimi na wewe ni baba mmoja mama mmoja, vitabu vyetu vya nyimbo vinafanana sana ingawa si kimoja. Tulianza kwenye moshi mmoja. Mmoja akatoka, mmoja akabaki. Damu yako ikiwa peke yake haimwambii kitu, hajui ipi ni sauti uliyozaliwa nayo na ipi ulifundishwa na moshi. Lakini ikikaa kando ya yangu anaweza kuanza kuuliza. Alinionya kwamba watu wawili hawathibitishi jambo, itabidi watafutwe ndugu wengine wengi kama sisi, na pengine jibu lisipatikane. Ila wa kwanza tutakuwa sisi. Nikamwambia nimekubali, kabla hajamaliza.

Bi Mwanaidi akanifunga mpira mkononi. Hakuwa ameniambia neno lisilo la kazi kwa siku nane. "Kunja ngumi." Nikakunja. Akapapasa, akapapasa tena, akatikisa kichwa. "Mkono kama wa dada yako. Mshipa unakimbia." Halafu damu ikaja, nyeusi nyeusi, na mimi niliyeshika damu za watu miaka yote hii nikatazama pembeni.

Aliandika jina, akalisoma, akalisoma tena, akanipa nami nisome. Nikasoma kwa sauti. Akabandika. Tulipokuwa tunaelekea kwenye friza akasema, bila kunitazama, "Ungeniambia tu, Aika." Nikamwambia najua. Mchana huo alikuja na chakula chake upande wangu. Hatukuongea sana, lakini alikaa.

Basi ndiyo habari yenyewe. Nimeyasema mambo yako mbele za watu na sijakuomba ruhusa. Nisamehe, au ninunie huko uliko mpaka tuonane, hiari yako. Siku bado ni ndefu na chumba changu hiki hakina wa kuniuliza nimechelewa wapi. Sitakudanganya kwamba nimepoa.

Ninachokuahidi ni hiki. Mtu akiniuliza habari zako, awe daktari, awe mchungaji, awe mtoto wa shule, sitakufanya msafi kupita ulivyokuwa. Nitasema ulikuwa mbishi, ulikuwa na aibu ya bure, na ulisimama kwenye moshi miaka yote hiyo kwa macho wazi ili mimi nitoke. Hakuna atakayeandika tena kwamba aliyekuwa pale ni mtu mwingine.

Lala sasa, Dada yangu. Kisanduku ni kimoja mle ndani ya friza, nilikifunga mimi mwenyewe na Bi Mwanaidi akishuhudia. Kichupa chako kiko mbele. Changu kiko nyuma yako, kimekugusa, kama ulivyokuwa ukinibeba.

Aika